Bomu moja latosha kuua mji, kwa nini watengeneze maelfu?

*"Shikamoo Daktari. Tunaishi Songea na nina kijana wa kidato cha tatu. Tangu mwaka jana anafuatilia habari za vita kwenye simu, na siku hizi anaamka saa nane za usiku kuangalia kama makombora yamerushwa. Juzi tukiwa mezani akaniuliza: 'Baba, kama bomu moja linamaliza mji mzima, kwa nini Marekani na Urusi wana maelfu, na China nayo inaongeza?' Nikamjibu kwamba wazungu wamechanganyikiwa, na matajiri wenye viwanda ndio wanaowasukuma. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Tena mtaani wanasema urani ya Namtumbo itatufanya na sisi tulengwe. Nimeshanunua magunia mawili ya mchele. Nimweleweshe vipi mtoto, na je, tuogope?"*

Marahaba, ndugu yangu. Swali la kijana wako huulizwa na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kila mwaka, na wapo wanaomaliza muhula hawajalijibu sawasawa. Usione haya kwamba lilikukaba pale mezani. Ila lile jibu la "wamechanganyikiwa" tuliache leo. Halimtulizi mtoto, linamwongezea hofu, maana mtu aliyechanganyikiwa hakuna ajuaye kesho ataamka na lipi.

Hawakuchanganyikiwa, na hilo ndilo linalosikitisha. Ukikaa kwenye kiti cha mmoja wao ukatazama kwa macho yake, karibu kila hatua aliyochukua ina sababu inayoeleweka. Shida ni kwamba viti vilikuwa viwili.

Wafikirie watu wawili wenye mashamba yaliyopakana, hawasemezani tangu ugomvi wa mpaka. Mmoja ananunua panga jipya. Anasema ni la kukatia migomba, na labda ni kweli tupu. Lakini panga la kukatia mgomba ndilo hilo hilo linalokata mtu, na jirani hana namna ya kuipima nia. Anachokiona ni panga. Naye ananunua lake, na mbwa juu. Yule wa kwanza, ambaye hakuwa na neno, akisikia mbwa wanabweka usiku anajiambia: "Kumbe sikukosea kumwogopa." Wote wawili wamesema kweli, wote wamejilinda, na wote sasa wana hali mbaya kuliko walipoanza. Mfano huu unambebea kijana wako nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ya hesabu, na ndiyo aliyoiuliza yeye.

Anasema bomu moja linatosha. Linatosha kama una uhakika litafika. Bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na nguvu ya takriban tani 15,000 za baruti ya TNT, na kweli mji ulikwisha. Lakini Japani haikuwa na bomu la kujibu. Miaka minne baadaye, Agosti 1949, Wasovieti, yaani Urusi na jamhuri zilizoungana nayo wakati huo, wakalipua la kwao katika mbuga za Semipalatinsk, Kazakhstan, na kuanzia siku hiyo swali likageuka. Hawakuulizana tena, "Nina mabomu mangapi ya kuangamiza miji yake?" Waliulizana, "Akinianza yeye alfajiri, nikiwa nimelala, nitabakiwa na mangapi?"

Mwambie kijana achukue kalamu. Una makombora 100. Mpinzani wako ana 150, nayo yanalenga vizuri. Akiyarusha yote kwenye mashimo ulimofukia makombora yako, labda utabakiwa na 10, na pengine kati ya hayo 10 mengine yatagoma kuwaka. Je, 10 yanatosha kumtisha asianze? Huna uhakika, basi unaongeza yafike 300. Yeye naye anafanya hesabu ile ile kutoka upande wake, anaona 300 zako zinaweza kumnyang'anya zake zote, anaongeza zifike 500. Hakuna anayetaka kurusha hata moja. Kila mmoja anahesabu mabaki.

Hesabu hiyo ya mabaki ndiyo iliyowafanya waziweke silaha zao juu ya mafiga matatu: makombora yaliyofukiwa kwenye mashimo ya zege, ndege za kivita, na nyambizi zinazojificha baharini kwa miezi. Figa la baharini ndilo wanalolitegemea zaidi, kwa sababu nyambizi haionekani, na kisichoonekana hakipigwi. Ajabu ya mambo haya ni kwamba nyambizi ya adui inakupa usalama na wewe pia. Adui anayejua kwamba atabakiwa na kitu hana haraka ya kurusha, ila yule anayeogopa kunyang'anywa vyote ndiye anayekaa kidole juu ya kitufe.

Kuanzia mwaka 1970 Wamarekani wakaanza kupanga makombora ya Minuteman III, kila moja likiwa na vichwa vitatu, yaani mabomu matatu, na kila kichwa kikiweza kwenda kwenye shabaha yake. Wasovieti wakafuata miaka michache baadaye. Ilionekana ni akili ya kubana matumizi. Kumbe waliharibu mahesabu: kombora moja la vichwa vitatu linaweza kuharibu matatu ya adui, kwa hiyo anayeanza anapata faida kubwa na anayesubiri anapata hasara kubwa. Henry Kissinger, aliyekuwa mshauri wa Rais Nixon wakati huo, alikuja kukiri hadharani kwamba alitamani wangeyafikiria vizuri zaidi matokeo ya jambo hilo.

Hapa wanafunzi wangu huuliza: kwa nini wasitengeneze ngao badala ya mikuki? Ngao haimuui mtu. Swali hilo hilo liliulizwa Juni 1967 katika mji mdogo wa Glassboro, New Jersey, Rais Johnson alipokutana na Waziri Mkuu wa Kisovieti, Aleksei Kosygin. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, alimweleza Kosygin kwamba Wasovieti wakiendelea kujenga mitambo ya kudungua makombora, Marekani italazimika kuongeza makombora ili yapenye. Kosygin alikasirika. Kwake kujilinda ni jambo la heshima, na kushambulia ndiko kuovu. Mtu atamkatazaje mwenzake kujikinga?

Nakiri kwamba kwa moyo niko upande wa Kosygin, lakini kwa hesabu niko upande wa McNamara. Rudi kwenye mfano wa mabaki. Mimi nikiwa na ngao inayoweza kudaka makombora 10, yale mabaki yako 10 hayana kazi tena. Maana yake naweza kukuanza nisipate jibu. Labda sina nia hiyo, lakini wewe utalala? Utaongeza mikuki mpaka ngao yangu izidiwe. Baada ya miaka mitano Wasovieti wenyewe walikubali, na mwaka 1972 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa kuzuiana ngao, jambo ambalo ukimsimulia mtu barabarani atadhani umekosea maneno. Marekani ilijitoa kwenye mkataba huo mwaka 2002. Putin alipotangaza silaha zake mpya Machi 2018, alisema wazi kwamba zilitokana na kujitoa huko. Na mwaka 2025 Rais Trump alitangaza mpango wa ngao kubwa zaidi. Kwa hiyo kijana wako akisoma kwamba "wanajenga kinga tu", ajue ni kwa nini Moscow na Beijing hawapigi makofi.

Kuna jambo lingine linalokoleza moto huu, nalo ni giza. Usilolijua ni usiku wa giza, na gizani kila kichaka ni simba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alijigamba kwamba viwanda vyake vinatoa makombora kama soseji. Oktoba 1957 Wasovieti walikuwa wamerusha Sputnik angani, na roketi iliyoweza kubeba setilaiti ingeweza kubeba bomu, kwa hiyo Wamarekani waliamini. Kennedy aliingia kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1960 akisema nchi yake imeachwa nyuma kwa makombora. Mwaka 1961 picha za setilaiti za kijasusi zikaonyesha ukweli: makombora ya masafa marefu ya Wasovieti yalikuwa machache sana. Pengo lilikuwepo, ila lilikuwa upande wa pili.

Je, Marekani ilisimama? Haikusimama. Mipango ilikwisha kupitishwa, viwanda vimeajiri watu, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa imefukia makombora 1,000 ya aina ya Minuteman. Khrushchev naye, aliyejua kwamba ghala lake ni dogo na sasa mwenzake anajua, akatafuta njia ya mkato: makombora ya masafa ya kati aliyokuwa nayo tayari akayapeleka Kuba, karibu na Marekani. Ndipo dunia ikapitia zile siku 13 za Oktoba 1962, nchi hizo mbili zilipokaribia kupigana kwa nyuklia. Majigambo ya soseji yalizaa yote hayo.

Hapo sasa nakuja kwa wale matajiri wako wa viwanda. Hukukosea kabisa, ulichukua kipande ukakiita kitu kizima. Rais Eisenhower, ambaye kabla ya siasa alikuwa jenerali wa nyota tano, aliwaaga Wamarekani Januari 1961 kwa kuwaonya kuhusu nguvu ya pamoja ya jeshi na viwanda vya silaha. Jeshi la anga lilitaka lake, jeshi la maji likataka lake, mbunge akataka kiwanda kibaki jimboni kwake. Lakini Wasovieti hawakuwa na tajiri hata mmoja mwenye kiwanda, na bado kileleni, mwaka 1986, walikuwa na vichwa vya nyuklia takriban 40,000. Tamaa inanenepesha mbio hizi, haikuzianzisha. Na lile neno "wazungu" nalo liondoe, maana wenye silaha hizi leo ni nchi tisa, na miongoni mwao wamo China, India, Pakistani na Korea Kaskazini.

Ikiwa giza ndilo linalozidisha hofu, basi kilichopunguza mabomu ni mwanga. Mkataba wa mwaka 1987 kati ya Rais Reagan wa Marekani na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, ulifuta aina nzima za makombora ya masafa ya kati, na pia ulifanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko saini zenyewe: wakaguzi wa Kimarekani walihamia Votkinsk, wakakaa langoni mwa kiwanda cha makombora cha Kisovieti, na Wasovieti wakakaa langoni mwa kiwanda huko Magna, Utah, Marekani. Miaka 13 watu hao waliangalia malori yanayotoka. Dunia ilikuwa na vichwa takriban 70,000 mwaka 1986. Leo vimebaki kama 12,000, na sehemu kubwa sana ni vya Urusi na Marekani. Kijana anapokwambia wanazidi kuongeza, mwonyeshe kwanza mteremko huo, kwa sababu hakuna video ya dakika moja itakayomwonyesha.

Lakini nisikufiche. Madirisha yanafungwa. Mkataba wa 1987 ulikufa mwaka 2019. Mkataba wa mwisho uliobaki kati ya Urusi na Marekani, ule wa 2010 uliowawekea ukomo wa vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande, haukuweza kuongezewa muda kupita Februari 2026. Na ukaguzi wake ulikuwa umesimama tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, haukurudi tena. China haikuwahi kuwemo. Kwa miongo mingi iliridhika na mabomu machache, ikisema tangu jaribio lake la kwanza mwaka 1964 kwamba haitakuwa ya kwanza kuyatumia. Mwaka 2021 picha za setilaiti zikaonyesha mamia ya mashimo mapya ya makombora karibu na Yumen na Hami, kaskazini-magharibi mwa China, na makisio ya sasa ni vichwa takriban 600. Kwa nini? Beijing haijatoa maelezo marefu, ila ukirudia hesabu ya mabaki, na ukiweka ngao ya Marekani upande wa pili, utaona kwamba wanahesabu kama wenzao walivyohesabu.

Je, kutishana huku kunaleta amani? Wapo wenzangu wanaoapa kwamba ndiko kulikozuia vita kuu tangu 1945. Siwezi kuwabishia moja kwa moja, kwa sababu vita ambavyo havikutokea havina ushahidi. Ninachojua ni kwamba bahati nayo ilifanya kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilimwambia Luteni Kanali Stanislav Petrov kwamba Marekani imerusha kombora, kisha mengine manne. Petrov akawaza: nani aanzishe vita vya dunia kwa makombora matano? Akatoa taarifa kwamba mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea kweli. Setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu. Siku hiyo mimi nilikuwa bwenini nikihangaika na hesabu za pembetatu, sikujua chochote. Mfumo unaotegemea kwamba zamu ya usiku atakuwepo mtu mwenye utulivu ni mfumo ninaouheshimu kwa mashaka.

Kuacha silaha hizi nako si ndoto ya mchana. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na Rais de Klerk akalitangazia bunge lake Machi 1993. Bara letu lina Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa Cairo mwaka 1996 na kuanza kufanya kazi 2009, unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika yote, na Tanzania imo. Kwa upande mwingine Ukraine ilikubali mwaka 1994 silaha za Kisovieti zilizobaki kwenye ardhi yake zirudishwe Urusi, ikapewa ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Yaliyofuata mnayaona kwenye habari, na kila nchi inayofikiria kuacha bomu inayaona pia.

Sasa Namtumbo. Urani inayotoka ardhini ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayohitajika. Mtambo wa umeme wa kawaida unataka asilimia 3 hadi 5. Bomu linataka karibu 90. Kati ya hapo pana maelfu ya mashine zinazozunguka kwa kasi ya ajabu, ambazo Mto Mkuju, kwenye urani hiyo ya Namtumbo, hazipo. Anayelenga makombora hulenga makombora ya mwenzake, makao ya jeshi, bandari za nyambizi. Kazakhstan inachimba urani kuliko nchi yoyote duniani, Namibia ni miongoni mwa wakubwa, na hakuna anayeishi Windhoek kwa kuogopa kombora kwa sababu hiyo. Hata hivyo, watu wa mtaani kwako wasidharauliwe. Urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo ambao hawakuambiwa ni ya nini wala itawafanya nini mwilini. Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano wa kijiji, waulizeni wenye mradi kuhusu maji, vumbi na vipimo vya afya za wafanyakazi. Maswali hayo yana jibu, na ni haki yenu.

Kuhusu kuogopa, nitakwambia kama ninavyowaambia wanangu: hatari ipo, imeongezeka kidogo kuliko miaka kumi iliyopita, na hakuna kitu ambacho mtoto wa miaka 16 anaweza kukizuia kwa kuamka saa nane za usiku. Simu yake ilale chumbani kwako. Siyo adhabu, mwambie hivyo, na ya kwako ilale hapo hapo, maana watoto huona. Mchana, akitaka kuelewa zaidi, mkae pamoja na ile hesabu ya mabaki. Akiipenda, na akija kufika Dar es Salaam, Kituo cha Mahusiano ya Kimataifa cha Dk. Salim Ahmed Salim pale Kurasini kinafundisha mambo haya. Vijana wenye maswali ya namna yake ndio wanaohitajika huko.

Lakini mimi ni mtu wa siasa za kimataifa, si daktari wa usingizi. Kama umeondoa simu na wiki mbili zimepita bado halali, chakula hakipiti, maksi zinaporomoka au ameacha kucheza na wenzake, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Akitamka kwamba haoni faida ya kuishi, mpeleke siku hiyo hiyo, usimsubiri Jumatatu. Na usiende peke yako kama mama yake yupo.

Magunia ya mchele usiyatupe, ila anzeni kuyapika. Ukikaa sana utaingia fukusi.